Kufunga na Kufungua: Vitenzi vya Kushikiza Vitu katika Kiswahili cha Pwani ya Kwale

Msamiati wa ufundi wa pwani haukukosa wakusanyaji. Kamusi ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, ya Johnson ya mwaka 1939, ya Sacleux iliyoanza kutolewa Paris mwaka huohuo, na baadaye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zote zimehifadhi majina mengi ya boriti na bawaba, ya komeo na tumbuu, ya kabari na kigingi. Upungufu uliopo haumo katika majina. Mkusanyaji wa msamiati aghalabu huianza kazi yake kwa kidole: hukionyesha kitu, akauliza kinaitwaje, akaandika jibu alilopewa. Kwa njia hiyo hupata nomino nyingi na vitenzi vichache, na vile vitenzi anavyovipata huviingiza kamusini kila kimoja mahali pake pa alfabeti, mbali na ndugu zake. Hivyo komea na komoa huwa karibu karibu kwa bahati ya herufi tu, ilhali bandika na ambata, ambavyo mafundi huvitumia katika kazi moja, hutenganishwa na kurasa nyingi.

Makala haya yanakusudia kuvitazama vitenzi hivyo kwa pamoja, kama vinavyotumika katika kazi za kila siku kwenye pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani, kupitia Gazi na Msambweni, hadi Shimoni, kisiwa cha Wasini na Vanga mpakani mwa Tanzania. Eneo hili lina sifa mbili zinazolifanya lifae uchunguzi wa namna hii. Kwanza, Kiswahili chake kimeishi bega kwa bega na Chidigo, na ndani yake mna lahaja za Kichifundi na Kivumba, ambazo H. E. Lambert alizitolea vijitabu mwaka 1957 na 1958. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja hizi zilibaki pembezoni mwa vitabu. Pili, vifaa vya kale vya kushikizia, yaani kamba za makumbi, ukindu, vigingi na kabari, vingali vikitumika huko sambamba na misumari, bolti na waya, kwa hiyo mtu aweza kuona jinsi lugha inavyokipokea kifaa kipya.

Hoja inayotolewa ni kwamba vitenzi vya kushikiza vitu havikupangika kwa kufuata kifaa, iwe kamba, msumari au gundi, wala kwa kufuata kitu kinachoshikizwa. Vimepangika kwa kufuata jibu la swali moja: je, kishikizo hiki kimekusudiwa kuja kutenduliwa?

Jibu la swali hilo hupatikana katika umbo la kitenzi chenyewe. Kauli ya kutendua, ambayo wanasarufi wameieleza mara nyingi, hujengwa kwa kiambishi -u- au -o-. Kiambishi -o- hutokea pale ambapo mzizi una irabu o, kama katika komea na komoa, chomeka na chomoa, sokota na sokotoa. Penginepo hutokea -u-, hata baada ya irabu e, kama katika tega na tegua, au ezeka na ezua. Konsonanti l, ambayo lugha nyingi za Kibantu zimeihifadhi mahali hapo, imedondoka katika Kiswahili lakini haikutoweka kabisa: hujitokeza tena katika funguliwa na chomolewa. Mambo hayo yanajulikana. Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba si kila kitenzi cha kushikiza kina mwenzake wa kutendua, na kwamba mgawanyo wa vile vyenye mwenzi na vile visivyo naye si wa kubahatisha.

Nyumba

Nyumba ya miti na udongo ya pwani ya Kwale ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa karibu aina zote za kushikiza zimo. Miti yake mikubwa imekuwa ni ya mikoko, ambayo hukatwa katika misitu ya maji ya chumvi kama ile ya ghuba ya Gazi, na hupangwa kwa unene: fito ndizo nyembamba, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo. Nguzo husimikwa ardhini. Fito hulazwa kwa kukingama, ndani na nje ya nguzo, na kufungwa kwa kamba kila zinapokutana. Kisha ukuta hukandikwa. Juu huja mtambaapanya, makombamoyo na pau, vyote vikifungwa kwa kamba, na mwisho paa huezekwa kwa makuti.

Kuti lenyewe linalofaa kuezekea huitwa kuti la viungo. Si tawi zima la mnazi, ambalo likisukwa huwa kuti la kumba la kuzungushia ua, bali ni majani yaliyochambuliwa, yakakunjwa juu ya kijiti kimoja na kushonwa yasiteleze. Jina hilo lastahili kuangaliwa, maana kiungo hapa si mahali vitu viwili vinapokutana tu. Ni kazi ya kuviunga, na pia ni kile kitu kilichopatikana baada ya kuungwa. Maana zote tatu zinaishi katika neno moja bila kugongana, na msikilizaji wa pwani hahitaji kuelezwa ni ipi iliyokusudiwa.

Sasa vitazamwe vitenzi. Fito zimefungwa, na zitafunguliwa. Paa limeezekwa, na litaezuliwa makuti yatakapochakaa, kwani kila mwenye nyumba anajua kwamba makuti hayadumu kama nguzo. Kuti limeshonwa, nalo laweza kushonolewa. Lakini nguzo iliyosimikwa haina kitenzi cha kutendua kilicho chake. Nguzo hung'olewa, kama mti unavyong'olewa na kama jino linavyong'olewa. Ukuta uliokandikwa nao hubomolewa. Hivi vitenzi viwili, ng'oa na bomoa, vina sura ya kauli ya kutendua, lakini havina shina la kutenda katika Kiswahili cha leo: hapana kung'a nguzo wala kuboma ukuta kwa maana ya kuusimamisha. Lugha imevitenga. Kufungua ni kurudi nyuma kwa njia ileile mtu aliyojia. Kung'oa na kubomoa ni kuharibu.

Msomaji asije akadhani kwamba uchaguzi wa kamba badala ya msumari katika nyumba hii ulikuwa wa umaskini tu. Mti wa mkoko ni mzito na mgumu, na msumari hupenya kwa shida au huupasua ufito. Hewa ya bahari hula chuma. Zaidi ya hayo, kamba huruhusu kiungo kucheza kidogo upepo wa kusi unapovuma, kisha kikarudi mahali pake. Kamba bora imekuwa ile ya makumbi ya nazi: makumbi hufukiwa katika mchanga wenye maji ya pwani kwa miezi, kisha hufukuliwa, yakapondwa, na nyuzi zake, yaani usumba, zikasokotwa. Kamba hiyo haiogopi maji ya chumvi. Ubora wake juu ya kamba za majani umewekwa katika methali isemayo kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na methali hiyo, licha ya kutumiwa kwa watu, ni maelezo sahihi kabisa ya vifaa. Ukambaa ni mfumo wa majani ya mkoma au mkindu. Ukiwa mpya hupendeza, lakini hauvuti mzigo ambao kamba iliyochakaa ingali ikiuvuta.

Kitanda, jembe na kisu

Kitanda cha kamba ni mfano wa kiungo kisichofungwa hata kidogo, ingawa kimejaa kamba. Matendegu manne yametobolewa. Mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni vimechongwa ncha na kuchomekwa katika matundu hayo. Hapana msumari wala gundi. Kisha kitanda huwambwa: kamba huzungushwa kutoka mfumbati hadi mfumbati, ikivutwa kwa nguvu, na mvuto huo ndio unaozibana ncha katika matundu ya matendegu. Yaani kinachomlaza mtu ndicho hichohicho kinachokishika kitanda kisiachane. Kamba ikilegea, hulegea vyote viwili kwa pamoja, na dawa yake ni moja, kukaza.

Kitenzi kaza kinahitaji kuzungumzwa peke yake, kwa sababu wageni wa lugha hukichukua kuwa ni aina mojawapo ya kufunga. Sivyo. Kaza haisemi jinsi kitu kilivyoshikizwa, husema kiasi. Kamba hukazwa, parafujo hukazwa, ngozi ya ngoma hukazwa, na mwendo hukazwa vilevile. Ndiyo sababu kinyume chake si kitenzi cha kutendua, ni kitenzi kingine kabisa, legeza, ambacho nacho ni cha kiasi. Fundi aweza kulegeza bila kufungua, na aweza kufungua kilichokwisha kulegea. Wanaisimu wenyewe walipohitaji neno la nguvu ya sauti juu ya silabi walilichukua hapa, wakalipata mkazo.

Jembe lina njia yake. Chuma kina msuka, yaani ncha inayoingia katika mpini, na kila pigo la mkulima huuzamisha msuka zaidi. Kazi yenyewe ndiyo inayokaza. Mpini ukikauka na kuanza kucheza hutiwa kabari, au hulowekwa majini uvimbe. Kisu kina hatari ya namna nyingine, kwa kuwa mti wa mpini hupasuka pale chuma kinapoingilia, na kwa hiyo huvikwa noleo, pete ya chuma au shaba inayoubana mti usipasuke. Maneno msuka na noleo yamo katika kamusi, lakini ni nadra kuyasikia kwa kijana aliyenunua jembe na kisu dukani vikiwa vimekwisha kutiwa mipini. Hapo ndipo hasara ya lugha inapoanzia: jina la sehemu hufa siku mtu anapoacha kuitengeneza sehemu hiyo mwenyewe, hata kama kitu kizima anakitumia kila asubuhi.

Katika kundi hili vitenzi vyenye -ik- au -ek- ndivyo vinavyotawala: chomeka, pachika, bandika, angika. Maana yake ni kukiweka kitu katika hali ya kukaa mahali fulani, na karibu vyote vina mwenzi wa kutendua: chomoa, pachua, bandua, angua. Leso ya mwanamke wa Ukunda au Msambweni hutoa mfano ulio mbali na karakana. Pesa hutiwa katika pembe ya leso na kufundikwa, na afikapo sokoni huzifundua. Fundo hilo halikusudiwi kudumu hata saa moja, lakini wakati wa safari hushika kuliko mfuko.

Kuna jamii nyingine ndogo inayopaswa kutajwa ingawa haina uzazi tena katika lugha, nayo ni ile yenye kiambishi -at-: ambata, fumbata, nata, kamata. Vitenzi hivi huonyesha mgusano usioachia. Hapa tofauti na kundi lililotangulia ni kwamba hakuna kifaa. Kinachoshika ni mwili wa kitu chenyewe, ute wake au vidole vyake. Mzizi wa ambata unaonekana pia katika ambua, kutoa ganda lililoshika, na ule wa fumbata katika fumbua. Uhusiano huo msemaji wa kawaida hausikii tena, lakini umbo linaushuhudia.

Chombo cha majini

Tofauti kati ya kishikizo cha kutenduliwa na kisichotenduliwa haikuonekana popote wazi kama katika vyombo vya bahari. Mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, katika kitabu kiitwacho Periplus, waliutaja mji wa Rhapta katika pwani hii na kusema kwamba ulipata jina kutokana na vyombo vilivyoshonwa. Ufundi huo uliendelea kwa muda mrefu sana. Mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao ulipita katika maji haya hadi ulipotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ulikuwa na mbao zilizounganishwa kwa vigingi vya mti na kushonwa kwa kamba za nazi. Chombo kilichoshonwa kina taabu yake: kamba huoza, maji huingia, na baada ya muda mshono hushonolewa na kushonwa upya. Taabu hiyo, hata hivyo, ndiyo iliyomwezesha fundi kuutoa ubao mmoja ulioharibika bila kuwaumiza jirani zake.

Mashua na jahazi za misumari zilipoenea, kitenzi kilibadilika pamoja na kazi. Ubao haukushonwa tena katika mataruma; ulipigiliwa. Pigilia haina mwenzi. Gongomea nayo haina. Msumari uliokwisha kuingia hung'olewa, na mara nyingi hutoka na kipande cha mti. Mianya kati ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na kalafati, neno lililokuja kwa njia ya Kiarabu, halikupata kauli ya kutendua hata kidogo. Kwa upande mwingine, ngalawa za wavuvi wa Gazi na Msambweni zimebaki na sehemu zinazofungwa: matengo yake na miti inayoyashikilia hufungwa kwa kamba, nayo hufunguliwa chombo kinapopandishwa pwani kutengenezwa. Katika ngalawa moja, basi, aweza kuonekana fundi anayetumia pigilia kwa ubao na funga kwa tengo, na hatavibadilisha vitenzi hivyo hata kidogo.

Mlango

Mlango ni kitu cha kufunga kwa hakika yake, na hakuna anayeufunga mlango bila nia ya kuufungua. Kwa hiyo vifaa vyake vyote vimeshikamana na jozi za vitenzi. Komeo hukomea, na mlango hukomolewa. Kipingo au kiwi hukingamishwa nyuma ya ubao. Mnyororo huangikwa katika tumbuu. Kufuli, neno la Kiarabu, liliingia na kutumikia kitenzi cha wenyeji, maana hapana kukufuli. Mlango hufungwa kwa kufuli.

Jambo la kustaajabisha ni jina la ufunguo. Kifaa hicho hufanya kazi mbili sawasawa, hufunga na hufungua, lakini lugha imekiita kwa kazi ya pili. Kifungo, ambacho kwa umbo kingefaa kuwa jina lake, kimekwenda kwenye nguo na kwenye gereza. Hali kama hiyo imo katika chupa: kizibo huziba, na kizibuo ni kile cha kuzibulia. Ingefaa isemwe kwamba msemaji huona ugumu uko upande wa kutendua. Kufunga yeyote aweza, bali kufungua kwahitaji chombo maalumu na mtu mwenye haki ya kukishika.

Mzizi -ping- unatoka katika mlango huohuo na kwenda mbali. Kuna kipingo, na kuna pingamizi linalowekwa mahakamani. Na kuna pingu. Huko Shimoni, ambako mapango ya mawe ya matumbawe yanasimuliwa na wenyeji kuwa yalikuwa mahali pa kuwazuilia watumwa kabla ya kupakiwa vyomboni, neno hili lina uzito ambao kamusi haiwezi kuuonyesha. Kinachozuia njia ya mlango na kinachozuia mikono ya mtu vimepewa mzizi mmoja.

Mwili na kinga

Mwili una viungo vyake, navyo husemwa kwa vitenzi vilevile vya seremala. Mfupa uliovunjika huungwa. Fundi wa kuunga mifupa huunyosha mguu, akauwekea mabanzi, yaani vipande vyembamba vya mti, akavifunga. Mabanzi yatafunguliwa, mfupa hautaunguliwa. Kuunga hakuna kutendua, na ungua yenye maana ya kuteketea ni kitenzi kingine. Kiungo kilichotoka mahali pake bila kuvunjika husemwa kuwa kimeteguka. Hapa lugha imefanya jambo la makini. Tega ni kukiweka kitu tayari mahali pake, kama mtego. Tegua ni kukiondoa katika hali hiyo, kama mtego uliofyatuliwa au chungu kilichoepuliwa mekoni. Kiungo kilichoteguka, basi, si kiungo kilichovunjika. Ni kiungo kilichotenduliwa, na kwa hiyo chaweza kurudishwa.

Kitenzi ganga ndicho chenye historia ndefu kuliko vyote. Maana yake ya kale, iliyohifadhiwa na Johnson, ni kufunga pamoja, kuunganisha kilichovunjika, kutengeneza. Na gango ni kipande kinachoshikilia sehemu mbili zisiachane, kiwe cha chuma, cha mti au cha nguo. Kutoka hapo kukawa na kuganga jeraha, kuganga maradhi, na mganga. Katika nchi ya Wadigo, ambako neno uganga husikika kila siku, ni wachache wanaomfikiria mganga kuwa ni mtu wa viungo na vishikizo. Hata hivyo kitenzi hicho kimepata kutendua kwake, gangua, na maana yake imebaki katika elimu hiyo peke yake: kuondoa uchawi uliofungwa juu ya mtu. Vivyo hivyo mahali huzindikwa kwa kinga ili pasidhuriwe, na huzinduliwa. Neno la mwisho hili limehamia mjini kwa namna ambayo haikutarajiwa, kwani leo vitabu na miradi huzinduliwa mbele ya wageni wa heshima, na hakuna aulizaye ni nani aliyeizindika.

Yasiyofunguliwa

Matumizi ya funga nje ya ufundi yanathibitisha mgawanyo huu kuliko mfano wowote wa karakana. Duka hufungwa, likafunguliwa. Mtu hufunga Ramadhani, na jua likizama hufungua. Mfungwa hufungwa, akafunguliwa. Lakini ndoa iliyofungwa haifunguliwi: huvunjwa, au huvunjika. Mkataba nao hufungwa, na mtu asiyeutimiza huuvunja. Fungua ingewezekana kabisa kwa umbo, na hakuna kanuni ya sarufi inayoizuia; inayoizuia ni nia. Aliyefunga saumu alijua tangu alfajiri saa ya kufungua. Aliyefunga ndoa hakutakiwa kuijua. Hapo lugha imeiweka ndoa pamoja na ukuta na nguzo, haikuiweka pamoja na mlango.

(Neno fungate, ambalo baadhi ya wanafunzi hulitia katika ukoo huu kwa kuwa husemwa karibu na harusi, halimo. Fungate ni jina la kale la saba, na linahusu siku saba za maarusi.)

Vifaa vipya na istilahi

Uthibitisho wa pili umo katika maneno ya kigeni. Parafujo ililetwa na Wareno. Skurubu, bolti na nati zilikuja na Kiingereza, kupitia reli, magari na viwanda, kama kile cha sukari cha Ramisi kilichofanya kazi hadi miaka ya 1980. Majina yalipokewa yalivyo. Vitenzi havikupokewa. Na lugha ilipovipangia vitu hivyo vitenzi, haikuzitia parafujo katika kundi la msumari, ingawa zinafanana kwa sura na zote huingia katika ubao. Msumari hupigiliwa na kung'olewa. Nati hufungwa, hukazwa, hulegezwa na kufunguliwa, sawasawa na kamba. Fundi wa magari wa Ukunda hufungua injini na kuifunga tena. Taa hufungwa ukutani, feni hufungwa darini. Kuchomelea chuma, kwa upande wa pili, kumekwenda na msumari: kilichochomelewa hakifunguliwi, hukatwa. Hapana kamati iliyoamua hayo. Mafundi waliuliza swali lilelile la kale juu ya kifaa kipya, na wakapata jibu.

Jambo hili lina uzito kwa wale wanaounda istilahi na kwa wale wanaofundisha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza nchini Kenya mwaka 1985 ulitia mkazo katika masomo ya ufundi, na wakati huohuo Kiswahili kikawa somo la lazima na la mtihani. Mawili hayo hayakukutanishwa. Ufundi ulifundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikafundishwa kwa insha na ngeli, hata mwanafunzi wa Msambweni ambaye babake ni seremala akajifunza shuleni majina ya Kiingereza ya vitu alivyovishika nyumbani kwa majina mengine. Orodha za istilahi zilizotolewa tangu wakati huo, nazo, zimekuwa orodha za nomino. Mwenye kuunda jina la kishikizo kipya hujiuliza kinafanana na nini; angejiuliza kwanza hutenduliwa vipi, kitenzi kingempa jina lenyewe, kama bana lilivyotoa kibanio na shikiza lilivyotoa kishikizo.

Wataalamu wa lugha wamekwisha kunufaika na hazina hii bila kuitaja. Kiambishi kimetoka katika kuamba kwa maana ya kushika, kiunganishi katika kuunga, unyambulishaji katika kunyambua, ambako ni kuvuta kitu chenye kunata kikawa nyuzi nyuzi. Silabi ikiishia kwa konsonanti huitwa silabi funge. Sarufi ya Kiswahili inasemwa kwa maneno ya fundi wa kamba na wa gundi.

Kwa mkusanyaji wa msamiati atakayekwenda Kwale, njia inayopendekezwa ni rahisi kuitaja na ngumu kuitenda. Asionyeshe kitu na kuuliza jina. Angoje kazi ya kuvunjua: paa linapoezuliwa, kitanda kinapolegea, ngalawa inapopandishwa mchangani, mpini unapotolewa katika jembe lililopasuka. Wakati wa kutendua ndipo vitenzi vinapojitokeza jozi jozi, na ndipo nomino zisizosikika siku nyingine, msuka, noleo, kitakizo, zinapotajwa kwa sababu mtu anahitaji kusema ni wapi pashikwe. Vijana nao wasiachwe. Mwendesha bodaboda wa Diani anayefunga mzigo kwa mipira iliyokatwa katika tyubu za magurudumu ana ujuzi wake wa mvuto na fundo, na ana maneno yake.

Pia ziko kazi ambamo kamba imeondolewa katika kazi yake na kuachiwa sura. Hoteli zilizoenea katika pwani ya Diani tangu miaka ya 1960 na 1970 zilipenda mapaa makubwa ya makuti, na katika baadhi ya mapaa hayo miti hushikwa kwa bolti, kisha kamba ya makumbi huviringishwa juu ya kiungo ili chuma kisionekane. Kamba hiyo haifungi kitu. Ikichakaa huviringuliwa na kutupwa, na paa halitikisiki. Siku ya kuutoa mti wenyewe, kinachofunguliwa ni nati, kwa spana.